KATE: NDEGE ILIYOBEBA TOPIDO NA MFANO WAKE WA PLASTIKI

Wahenga walisema kwamba mbio za sakafuni huishia ukingoni. Methali hii tumeiandika katika insha zetu tangu shule ya msingi, na mara nyingi huwa tunaitumia kumkanya mtu anayejigamba. Leo nitaitumia kwa ndege. Sakafu ya ndege yenyewe ilikuwa ni sitaha ya manowari katikati ya Bahari ya Pasifiki, na ukingo wake ulikuwa ni maji matupu. Wajapani walioiunda waliiita Aina ya 97. Wamarekani waliopigana nayo waliibandika jina la msichana, Kate.

Mpenzi msomaji, huenda ukauliza, ndege ya vita ya Wajapani inatuhusu nini sisi wanachama wa Chama cha Kiswahili? Subira huvuta heri. Tutatoka Japani, tutapita Hawaii, na kabla ya kumaliza tutatia nanga papa hapa kwetu Kilindini. Katika makala haya nitaeleza ndege hii ilikuwa ya namna gani, topido hufanyaje kazi, na mfano wake wa plastiki huundwaje. Mwisho nitaonyesha jambo moja ambalo mfano huo hauwezi kukuonyesha, nalo ndilo lililowamaliza wengi wa waliopanda ndege hiyo.

KATE ALIKUWA NANI?

Mwaka 1935 jeshi la wanamaji la Japani liliviambia viwanda vya ndege kwamba linataka ndege mpya. Iwe inaweza kuruka kutoka juu ya manowari na kutua papo hapo, na iwe inaweza kubeba topido ya kilo 800. Wakati huo ndege nyingi za kazi hiyo zilikuwa na mabawa mawili mawili, moja juu ya jingine, na magurudumu yalining'inia nje wakati wote. Kampuni ya Nakajima, chini ya mhandisi Katsuji Nakamura, ilileta kitu kipya: ndege ya bawa moja kila upande, mwili wa madini mepesi ya alumini, na magurudumu yanayokunjwa ndani baada ya kupaa. Iliruka mara ya kwanza mwezi wa Januari 1937.

Jina lake la kiwandani lilikuwa B5N. Hilo la Aina ya 97 lilitokana na kalenda ya Wajapani. Mwaka 1937 kwao ulikuwa mwaka wa 2597, kwa hivyo wakachukua tarakimu mbili za mwisho. Jina la Kate nalo lilitokana na utaratibu wa Wamarekani na wenzao. Majina ya Kijapani yaliwatatiza ulimi, basi wakaamua kwamba ndege za kutupa mabomu zipewe majina ya kike na zile za kupigana angani zipewe majina ya kiume. Ndiyo maana katika vitabu utakutana na Kate na mwenzake Val wakiwa katika vita vikali, na kumbe si wasichana wa mtu.

Ndege iliyofanya kazi kubwa vitani ilikuwa toleo la pili, B5N2. Urefu wake ulikuwa mita 10.3, na kutoka ncha ya bawa moja hadi ncha ya jingine mita 15.5. Injini yake ya Sakae ilikuwa na nguvu za farasi 1,000 na iliweza kuipeleka kwa kasi ya kilomita 378 kwa saa. Ndani waliketi watu watatu, mmoja nyuma ya mwingine, chini ya paa moja refu la kioo. Mbele alikuwa rubani. Katikati aliketi mwelekezi, aliyesoma ramani na kulenga mabomu. Nyuma aliketi mtu wa redio, naye pia ndiye aliyekuwa mlinzi wao, kwa bunduki moja ya rashasha ya milimita 7.7. Hiyo tu.

Manowari haina nafasi ya kuchezea. Ndege nyingi hubanwa ndani yake kama abiria wa matatu siku ya sikukuu. Kwa sababu hiyo mabawa ya Kate yaliwekewa bawaba, yakaweza kukunjwa kwenda juu mpaka ncha zake zikapishana juu ya kichwa cha rubani. Upana ukapungua hadi karibu nusu. Chini ya mkia kulikuwa na kulabu ya kunasa kamba ya chuma iliyotandazwa kwenye sitaha, ili ndege inapotua isipitilize ikaangukia baharini.

KILA KILO INA MWENYEWE

Sasa tufanye hesabu kidogo. Kate ikiwa tupu ilikuwa na uzito wa kilo 2,279. Mzigo wote ukishapakiwa, haikutakiwa kuzidi kilo 4,100. Ukitoa, utapata kilo 1,821. Katika hizo 1,821 sharti watoshee watu watatu, petroli, oili, redio na topido yenyewe. Topido peke yake, ile iliyotumiwa mwaka 1941, ilikuwa na uzito wa kilo 838. Yaani karibu nusu ya mzigo wote ni silaha moja.

Petroli nayo haikuweza kupunguzwa, maanake Pasifiki ni bahari pana kupindukia. Anayemwona adui kutoka mbali na kumfikia kwanza ndiye mshindi. Kate iliweza kwenda karibu kilomita 2,000 kabla ya kukaukiwa. Hilo lilikuwa jambo kubwa kwa ndege ya siku zile.

Basi kilichobaki kupunguzwa ni nini? Ni kinga ya watu. Ndege nyingine za vita ziliwekwa bamba zito la chuma nyuma ya kiti cha rubani ili risasi isipenye. Pia tangi la petroli liliweza kufunikwa kwa tabaka za mpira. Risasi ikitoboa, petroli hugusa mpira, mpira huvimba na kuziba tundu wenyewe. Ni ujanja mzuri sana, lakini mpira una uzito na chuma kina uzito. Katika Kate, vitu hivyo viwili viliachwa. Wahandisi hawakuwa wajinga. Walipewa mizani, wakaambiwa topido lazima na safari ndefu lazima, nao wakapima. Mizani haina huruma. Ukiongeza upande huu, lazima upunguze upande ule.

TOPIDO HUFANYAJE KAZI?

Bomu likitupwa juu ya manowari hukuta sitaha, na manowari kubwa zilikuwa na sitaha ya chuma kinene. Topido hupita njia nyingine. Ni kama nyambizi ndogo isiyo na watu. Ina injini yake, rafadha zake na usukani wake, na kichwani imejazwa baruti. Hutupwa majini ikielekezwa kwa meli, halafu hukimbia chini ya maji yenyewe. Ikigonga, hutoboa ubavu wa meli chini ya mstari wa maji. Moto unaweza kuzimwa, lakini bahari ikishaingia ndani, nani ataizima?

Topido ya Kate iliitwa Aina ya 91. Urefu wake ulikuwa kama mita tano na nusu, unene wake sentimita 45, na ilibeba baruti zaidi ya kilo 200. Ilikimbia majini kwa kasi ya kilomita 78 kwa saa hivi. Wale wapenzi wa fizikia watanikubalia kwamba hiyo ni kama mita 21.6 kwa sekunde. Ikitupwa umbali wa mita 1,000 kutoka kwa meli, itachukua sekunde 46 kufika. Katika sekunde hizo meli inaweza kugeuka ikaikwepa. Kwa hivyo rubani alitakiwa kusogea karibu kadiri alivyoweza.

Na si kusogea tu. Topido ni chombo chenye mitambo laini. Ikitupwa kutoka juu sana au kwa kasi mno huvunjika au hupoteza njia. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Rubani alishuka chini kabisa, mita chache juu ya mawimbi, akanyoosha ndege yake, akaenda moja kwa moja bila kupinda kulia wala kushoto, huku mizinga na bunduki zote za meli zikimtazama. Jaribu kufikiria hali hiyo ukiwa ndani ya ndege isiyo na kinga, umeketi karibu na petroli.

ASUBUHI YA PEARL HARBOR

Jumapili ya tarehe 7 Desemba 1941, manowari sita za kubeba ndege za Japani zilikuwa kaskazini mwa visiwa vya Hawaii. Majina yao ni Akagi, Kaga, Soryu, Hiryu, Shokaku na Zuikaku. Walichokiendea ni kundi la manowari za Marekani zilizotia nanga katika bandari ya Pearl Harbor.

Kulikuwa na tatizo moja la kisayansi. Maji ya bandari ile yalikuwa na kina cha kama mita 12 tu. Topido ya kawaida ikitupwa kutoka angani huzama kwanza kwenda chini zaidi ya hapo, ndipo ipande juu na kuanza safari. Pale ingejichimbia matopeni na kukwama. Wengi waliamini kwamba bandari fupi kama ile iko salama. Wajapani wakafanya mambo mawili. Waliwafanyisha marubani mazoezi ya kuruka chini kupita kiasi katika ghuba ya Kagoshima, na wakaiwekea topido mapezi ya mbao mkiani. Mapezi hayo yaliinyoosha ikiwa angani, na ilipopiga maji yalikatika na kuiacha iende zake. Vipande vya mbao tu! Navyo viligeuza hesabu ya vita.

Katika wimbi la kwanza zilikuja Kate 89. Arubaini zilibeba topido, na 49 zilibeba bomu la kilo 800 lililotengenezwa kutokana na kombora la mzinga wa manowari, la kutobolea sitaha. Manowari Oklahoma ilipigwa topido kadhaa, ikapinduka na kuwafunika watu wake ndani. Walikufa 429. Manowari Arizona ilipigwa bomu lililopenya hadi ghala la baruti, ikalipuka. Walikufa 1,177 katika meli hiyo moja. Kwa jumla Wamarekani 2,403 walipoteza maisha yao siku hiyo. Kate zilizopotea zilikuwa tano tu.

Tano kati ya 143 zilizotumwa katika mawimbi yote mawili! Ukisoma hesabu hiyo peke yake utasema ndege ile ilikuwa haishindiki. Ndipo mgema alipoanza kusifiwa.

MPAKA KILINDINI

Haya, msomaji, sasa tuje nyumbani kama nilivyoahidi. Mwezi wa Aprili 1942 manowari za Wajapani ziliingia Bahari ya Hindi. Tarehe 5 Aprili ndege zao, Kate zikiwemo, zilishambulia Colombo katika kisiwa cha Ceylon, ambacho leo ni Sri Lanka. Tarehe 9 zilishambulia Trincomalee katika kisiwa hicho hicho. Waingereza walipoteza manowari kadhaa, mojawapo ikiwa Hermes, ambayo ilikuwa ya kubeba ndege.

Kiongozi wa manowari za Waingereza katika bahari hiyo, Admirali James Somerville, aliona kwamba Ceylon si mahali pa kulala usingizi. Manowari zake kuukuu na za polepole akazituma magharibi mpaka Kilindini, Mombasa. Bandari tunayoijua kwa meli za shehena ikageuka kituo kikubwa cha manowari. Hakuna Kate hata moja iliyowahi kufika Mombasa, lakini hofu yake ilifika.

Pamoja na manowari walikuja watu waliofanya kazi ya kalamu na karatasi. Hao walikuwa wataalamu wa kusikiliza redio za Wajapani na kufumbua mafumbo ya siri. Waliwekwa katika jengo la shule ya Allidina Visram, inayotazamana na bahari. Huko ndiko walikofaulu kuufumbua msimbo uliotumiwa na meli za mizigo za Japani. Mwaka 1943 wakarudi Ceylon. Kwa hivyo kama una ndugu anayesoma Allidina Visram, mwambie kwamba katika madarasa yale watu waliwahi kukesha wakifanya mtihani mgumu kuliko wa kitaifa.

UKINGONI

Mwezi wa Mei 1942, katika vita vya Coral Sea, Kate zilisaidia kuizamisha manowari Lexington ya Marekani. Lakini tayari bei ilikuwa imeanza kupanda. Wamarekani walikuwa macho sasa, wana ndege za doria na mizinga mingi zaidi.

Tarehe 4 Juni 1942 vilipiganwa vita vya Midway. Asubuhi hiyo Wajapani walipoteza manowari tatu za kubeba ndege, ikabaki Hiryu peke yake. Kiongozi wa ndege za Hiryu alikuwa Joichi Tomonaga. Alikuwa ametoka kushambulia kisiwa cha Midway alfajiri, na tangi la bawa la kushoto la Kate yake lilikuwa limetobolewa kwa risasi. Kumbuka niliyoyasema juu ya mpira unaovimba. Tangi hilo halikuwa nao. Petroli iliyobaki ingemtosha kwenda, si kurudi. Akaenda. Ndege kumi zilipaa pamoja naye kuifuata manowari Yorktown. Topido mbili ziliipata. Katika zile Kate kumi, tano hazikurudi, na ya Tomonaga ilikuwa mojawapo. Zidisha tano kwa watu watatu. Kabla ya siku hiyo kwisha, Hiryu nayo ilikuwa inaungua.

Tusidhani ni Wajapani tu walioumia kwa kazi hii. Siku hiyo hiyo kikosi cha nane cha ndege za topido cha Wamarekani kilipaa na ndege 15 kutoka manowari Hornet. Zote 15 ziliangushwa. Walikuwa watu 30, akanusurika mmoja. Topido haikuchagua bendera. Yeyote aliyeibeba alilazimika kwenda chini, polepole na moja kwa moja.

Mwezi wa Oktoba 1942, karibu na visiwa vya Santa Cruz, Kate zilipata ushindi wao mkubwa wa mwisho kwa kuipiga hiyo hiyo Hornet, ambayo ilizama. Wengi wa marubani waliokuwa Pearl Harbor walikuwa wameisha. Ndege ni rahisi kutengeneza upya, lakini rubani aliyefunzwa kwa miaka hatoki kiwandani. Baadaye ndege mpya iliyoitwa Tenzan ilichukua nafasi yake. Kate zilizobaki zikawa za kufundishia na za kutafuta nyambizi, na mwisho wa vita baadhi yao zikatumiwa na marubani waliojirusha pamoja nazo juu ya meli za adui. Kwa jumla ziliundwa kama 1,150. Leo hakuna hata moja iliyobaki nzima. Yamebaki mabaki tu katika majumba ya makumbusho. Hata filamu ya Tora! Tora! Tora! ya mwaka 1970 ililazimika kuzibadilisha ndege za mafunzo za Kimarekani zifanane na Kate.

MFANO WA PLASTIKI

Ikiwa ndege yenyewe haipo, sisi tutaionaje? Hapa ndipo mfano unapoingia. Kampuni kama Hasegawa ya Japani na Airfix ya Uingereza zimetengeneza seti za vipande vya plastiki vya Kate. Ukifungua kisanduku utakuta vipande vimeshikiliwa kwenye fremu kama matunda kwenye tawi, karatasi ya maelezo, na vibandiko vya alama.

Skeli maarufu ni 1 kwa 72 na 1 kwa 48. Ni zile zile hesabu za ramani tunazofanya darasani. Kwa skeli ya 1 kwa 72, bawa hadi bawa ni sentimita 21.6, mwili ni sentimita 14.3, na topido ni sentimita 7.6. Mtu wa kimo cha kawaida anakuwa sentimita 2.4, mfupi kuliko kidole chako cha mwisho.

Hatua za kazi ni hizi. Kwanza, soma maelezo yote kabla ya kugusa gundi. Pili, kata kipande kwa kiwembe ukielekeza makali mbali na mkono wako, usikivunje kwa vidole, kisha lainisha kwa msasa. Tatu, anza na chumba cha watu. Paka rangi viti na sakafu, weka watu watatu, ndipo uunganishe nusu mbili za mwili. Ukishafunga huwezi kurudi ndani. Nne, weka mabawa na mkia, ukitazama kwa mbele kuhakikisha pande zote zimelingana. Gundi iwe kidogo, maana hiyo huyeyusha plastiki, na ikizidi huharibu sura. Fungua madirisha unapoitumia, kwa sababu mvuke wake ni hatari kwa afya. Tano, paa la kioo libandikwe kwa gundi nyeupe ya mbao. Gundi ya plastiki hulitia ukungu.

Rangi ya Kate zilizokwenda Pearl Harbor ni kijani kizito juu na kijivu tumboni, na pua nyeusi. Alama ya duara jekundu la jua huwekwa mwilini na mabawani. Kibandiko hulowekwa majini kwanza, halafu huteleza chenyewe hadi mahali pake. Usipuuze herufi za mkiani, maana zinaeleza ndege ilitoka manowari gani. AI ni Akagi, AII ni Kaga, BI ni Soryu, BII ni Hiryu, EI ni Shokaku na EII ni Zuikaku. Ukiweka BI kwa ndege ya Hiryu iliyokwenda Pearl Harbor umeihamishia Soryu bila idhini yake.

Najua si wengi wetu wenye uwezo wa kununua seti kama hiyo. Lakini sisi tuliounda magari ya waya na matrekta ya mabua hatushindwi. Chukua katoni, rula na vipimo nilivyotoa, gawanya kwa 72, chora na ukate. Kipimo kikiwa sawa, katoni nayo husema kweli.

MAHALI MFANO UNAPODANGANYA

Karibu kila kitu katika mfano ni sahihi: urefu, umbo, rangi, hata bawaba za mabawa. Lakini kuna jambo moja ambalo haliwezekani. Plastiki ya mwili wa mfano ina unene wa kama milimita moja. Zidisha kwa 72. Utapata sentimita 7 na zaidi. Kama Kate ya kweli ingekuwa na ngozi ya unene huo, risasi ndogo zingedunda kama mawe juu ya ukuta. Ukweli ni kwamba ngozi yake ilikuwa bati jembamba la alumini. Kiwanda kikijaribu kutengeneza plastiki ya wembamba huo ukiwa umegawanywa kwa 72, mfano utavunjika kabla hujautoa kisandukuni.

Vivyo hivyo kwa uzito. Uzito hufuata ujazo, kwa hivyo tunagawanya kwa 72 mara tatu, yaani 373,248. Kilo 4,100 zinakuwa gramu 11. Ndiyo Kate yote hiyo, na topido yake, petroli yake na watu wake. Ukiupima mfano wa plastiki utakuta ni mzito kuliko hivyo.

Kwa hivyo anayeushika mfano anashika ndege imara kuliko ile iliyoruka. Atastaajabia topido tumboni, atahesabu alama nyekundu, na vidole vyake vitamwambia kwamba chombo hiki ni kigumu. Tomonaga na wenzake walijua vingine. Kinga yao ilitolewa ili topido iingie. Ndicho kilichoifanya Kate ifike mbali asubuhi ya Pearl Harbor, na ndicho kilichoifanya iwake kama karatasi huko Midway. Ushindi na maangamizi vilitoka katika mizani moja.

Kwa kutamatisha, nawahimiza wenzangu wanaopenda ndege za vita waendelee kuzipenda, na waunde mifano yao kwa bidii. Humo mna hesabu, fizikia, historia na hata jiografia. Ila mkifika ile hatua ya tatu, ya kuwaketisha watu watatu wa plastiki, msiwaache nje kwa sababu ni wadogo na wanasumbua kupaka rangi. Skeli hupunguza kila kitu mara 72. Kazi ya msomaji ni kuzidisha tena, mpaka wawe watu.

Tamati.